Sanifu uwanja wa watoto kwa ajili ya Oktoba

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Awali, darasa la kwanza na la pili tuna watoto kama 180. Nyuma ya madarasa kuna kiwanja cha mita 60 kwa 40 chenye visiki, vichaka vichache, mbuyu mmoja pembeni na vijifereji vilivyochimbwa na mvua. Mfadhili ametuahidi shilingi milioni sita za kununua bembea na mteremko wa chuma wa kutelezea, na kamati ya shule imepanga greda lije mwezi wa sita kusawazisha. Nimeona picha za viwanja vya kujifunzia vyenye vilima, miti, mchanga na maji, na ningependa tufanye hivyo. Nianzie wapi? Ni salama? Na wazazi watakaosema watoto wanacheza badala ya kusoma niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu, habari za kazi, na hongera kwa kuuliza kabla greda halijafika. Hilo ndilo la haraka kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo: lisije. Likipita hapo asubuhi moja tu litaondoa visiki vyenye mizizi hai, udongo wa juu, na ile miinuko na mabonde madogo ambayo watoto wenu wameshaanza kuyachezea. Milioni sita za mfadhili haziwezi kurudisha hata kimoja kati ya hivyo. Kongwa yenyewe ina historia ya jambo hili. Hapo ndipo Waingereza walipoanzia mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakafyeka pori kwa matrekta, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umefutwa. Mvua haikutosha, na udongo wenye mfinyanzi ulipochomwa na jua ulikakamaa kiasi kwamba hata kuzitoa karanga ardhini ikawa shida. Kiwanja chenu kikivuliwa majani yake kitawageuka vivyo hivyo.

Sasa hizo picha. Nyingi ni za nchi zenye mvua karibu mwaka mzima, au zimepigwa siku ya uzinduzi. Uwanja wa shule ya Dodoma unapimwa mwezi wa kumi. Mwezi wa nne kila kiwanja kinapendeza, hata kile ambacho hakuna aliyekigusa. Oktoba mvua ina miezi mitano haijanyesha, upepo unapeperusha vumbi, jua la mchana liko utosini, mbuzi wa kijiji wamemaliza malisho yao na wanatafuta ya kwenu, na kila ndoo ya maji ina mwenyewe. Uwanja unaochezeka na kufundishika mwezi huo hautawashinda miezi mingine. Kwa hiyo kila wazo litakaloletwa mbele ya kamati, zuri au la bei rahisi, liulizieni kwanza: Oktoba litakuwaje?

Tuanze na bembea, kwa kuwa ndiyo iliyoahidiwa. Chukua bembea ya viti vinne, mapumziko ya dakika 30 na watoto 180. Kila mtoto anapata sekunde 40, na hapo hujatoa muda wa kupanda na kushuka. Wengine wote wanapanga foleni au wanasukumana, na wadogo wa awali ndio hawafikiwi kabisa. Mteremko wa chuma uliosimama juani saa tano za Oktoba haukaliki. Wakati huohuo, angalia hao watoto wanafanya nini leo bila bembea. Kuna wanaojipikilisha kwa kopo na udongo, wanaochimba mashimo ya bao ardhini, wanaocheza mdako kwa vijiwe, wanaosukuma ringi. Mtoto anataka kitu anachoweza kukishika, kukihamisha, kukibomoa na kukijenga upya. Msanifu wa mandhari wa Denmark, C. Th. Sørensen, aliliona hilo alipotambua kwamba watoto walivutiwa na maeneo ya ujenzi na mabaki ya mbao kuliko viwanja alivyokuwa amewasanifia. Kutokana na wazo lake, mwaka 1943 huko Emdrup, Copenhagen, kikafunguliwa kiwanja kilichojaa mbao, matofali na vyuma chakavu ambavyo watoto walijengea wapendavyo. Wazo likaenea Ulaya. Kongwa vifaa vya namna hiyo vimelala chini ya kila mti.

Kabla ya kuchimba popote, tumia wiki mbili kuangalia. Chora kiwanja kwenye karatasi ya manila ukipima kwa hatua. Kila mapumziko weka alama: wapi wanakaa, wapi wanakimbia, wapi hakuna anayekwenda. Halafu wape watoto wenyewe kazi. Kila mmoja aweke jiwe mahali anapopapenda na kijiti kikavu mahali anapopaogopa. Vijiti vikirundikana mahali pamoja, kaa nao chini uwaulize. Pengine ni nyoka kwenye kichaka. Pengine ni wakubwa wa darasa la sita wanaowanyanyasa pale ambapo mwalimu aliye darasani haoni. Majibu yote mawili yanabadilisha ramani. Na kwa kuwa mvua zimekatika juzi tu, vijifereji bado vinaonekana: vifuate kwa jivu kuanzia vinapoanzia mpaka vinapotokea. Mstari huo wa jivu ndio utakaokuambia maji ya msimu ujao yatapita wapi, na ndio nitakaoujengea karibu kila kitu.

Visiki sasa. Dodoma mna utaalamu wa kisiki hai ambao wakulima wengi wa mkoa wenu wanautumia mashambani, na shule ni mahali pake hasa. Kwenye kila kisiki kinachochipua chagueni machipukizi machache, matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye afya. Yaliyobaki yakateni. Mliyoyaacha yapogoleeni matawi ya chini mpaka karibu nusu ya urefu, yafungieni kitambaa chenye rangi ili kila mtu ajue yana mwenyewe, kisha yalindeni na mbuzi. Mizizi ya kisiki ilishashuka chini zamani, kwa hiyo chipukizi lake halisubiri ndoo yako kama mche wa kitalu unavyosubiri. Misimu miwili mitatu ya mvua na mna kivuli cha kukalia. Kila darasa lipewe visiki vyake, na watoto wapime urefu kwa kamba yenye mafundo mwanzoni mwa kila mwezi. Hapo hisabati imeshaanza na hujanunua kitu.

Kuhusu mbuyu wenu, uthamini, ila usiutegemee kwa kivuli cha kiangazi. Mbuyu hupukutisha majani ukame unapoingia, na Oktoba unakuta matawi matupu. Ufanye mahali pa hadithi na pa kuokotea mbegu za ubuyu. Kivuli cha Oktoba kitatoka kwenye mwarobaini, ambao hukua haraka na hubaki na majani hata miti mingine yote ikiwa imekauka. Kwenye mkwaju, ambao ni wa taratibu lakini utawafunika wajukuu wa hao watoto. Na kwenye mwembe ikiwa mnaweza kuumwagilia miaka ya mwanzo. Pandeni upande wa mashariki kwanza. Watoto wa awali wako shuleni asubuhi, na kivuli cha asubuhi kinatoka mashariki. Upepo wa kiangazi wa Dodoma nao hutokea zaidi mashariki na kusini-mashariki. Mstari mmoja wa miti upande huo unawafanyia kazi mbili, na hii ndiyo sababu nauweka mbele ya mapambo yoyote. Kunazi zinapendwa sana na watoto na mkunazi unavumilia ukame, lakini una miiba, basi ukae nje karibu na ua. Mtu atapendekeza zabibu juu ya kichanja kwa kuwa ni Dodoma. Mimi nisingeziweka juu ya vichwa vya watoto, maana zabibu hunyunyiziwa dawa za ukungu mara kwa mara.

Pandeni miche 12. Najua kamati itataka 100 siku ya upandaji miti, na mtu wa kupiga picha atakuwepo. Lakini hesabu ya maji haiongopi, na ningependa uwafanyie wanakamati hesabu hii ubaoni.

Paa la madarasa matatu yaliyoungana, tuseme mita 25 kwa 8, ni mita za mraba 200. Kila milimita moja ya mvua juu yake ni lita 200. Toa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki 160. Dodoma hupata karibu milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo peke yake linamwaga zaidi ya lita 85,000 kila msimu, na sasa hivi zote zinakwenda kuchimba vijifereji vyenu. Mvua moja ya milimita 32 inajaza tangi la lita 5,000. Wekeni gata na matangi mawili. Mvua za mwisho zikikatika mmebaki na lita 10,000 za kuvuka kiangazi cha siku kama 210, yaani lita 47 kwa siku. Ni ndoo mbili na kidogo. Uwanja wote lazima uishi ndani ya ndoo hizo mbili. Miche 12, kila mmoja lita 10 kwa wiki, inakunywa lita 17 kwa siku: ndoo ya kwanza imekwisha. Ndoo ya pili ni ya matope na michezo ya maji. Miche 100 ingetaka ndoo saba kila siku, na kufikia Septemba mngekuwa mnang'oa vijiti vikavu mbele ya watoto waliovipa majina.

Ili lita 10 zifike kwenye mizizi badala ya kukauka juu, zikeni chungu cha udongo kisichopakwa rangi kando ya mche, shingo ikibaki juu ya ardhi, na mkifunike kwa kigae. Maji yanavuja taratibu kupitia kuta zake kwenda kwenye mizizi. Watoto watakifunua kila asubuhi kuona yamepungua kiasi gani, na usiwakataze. Waache wapime kwa kijiti na waandike.

Maji yasiyoingia kwenye tangi yasitoke nje ya kiwanja. Chimbeni kingamaji, yaani mtaro mpana wa kuzuia maji, kwa kufuata usawa wa ardhi, kikikata ule mstari wako wa jivu: urefu mita 40, upana mita mbili, kina robo mita tu, kingo zikiwa zimelala ili mtoto atembee ndani bila kuanguka. Maji yanatakiwa yazame ndani ya siku moja au mbili. Yakizidi hapo fungueni mdomo upande mmoja. Udongo utakaotoka ni karibu mita za ujazo 20, nao unatosha kilima chenye kipenyo cha mita 8 na kimo cha karibu mita 1.2. Kwa hiyo hamnunui udongo wala hamkodi lori. Kilima kishindiliwe kila tabaka, kipandwe ukoka, na upande wa maji kiwekewe nyasi za vetiva. Kilima ni chombo bora kuliko vyote nitakavyovitaja hapa. Watoto 30 wanakipanda kwa pamoja, mwenye miaka mitano na mwenye minane kila mmoja ana njia yake, hakina foleni na hakiozi. Fanyeni kazi hii sasa, kabla ya katikati ya mwezi wa sita. Baada ya hapo sururu itakuwa inadunda.

Kando ya kilima, chini ya kichanja cha nyasi (miti haijakua, na Oktoba ya kwanza lazima iwe na kivuli), wekeni shimo la mchanga la mita 5 kwa 6. Mchanga uwe wa mtoni, ule wa chembe za duara unaoteleza mkononi. Vumbi la mawe la machimbo linashikana na kuwa sakafu, msilikubali hata likitolewa bure.

Pembeni ya mchanga ndipo pa kujipikilisha. Hapa msifanye mambo makubwa. Mafiga matatu, kipande cha ubao kwenye mawe kama meza, sufuria zilizotoboka, kata za vibuyu, na ndoo ya pili. Vitu vya kuhamisha viwe vya kwenu: magunzi, mbegu za ubuyu, kokwa za kunazi, mawe ya mtoni, vipande vya magogo vinavyobebwa na watoto wawili, matete, kamba za mkonge. Vitapotea, na si dhambi vikipotea. Kila Jumatatu mtoto aje na kitu kimoja kutoka nyumbani kama anavyokuja na kidumu cha maji.

Kuna jambo moja ninalolitamani sana kwa shule yenu. Nyumba ya kuchezea isiwe ya plastiki wala ya mabati. Iwe tembe, ile nyumba ya jadi ya miti na udongo. Wazee wa Kigogo wanaojua kusimamisha miti na kukandika bado wapo, na bibi anayejua udongo wa kichuguu unachanganywa na nini ni mwalimu kamili kwa siku ile. Waalikeni wajenge tembe ndogo pamoja na watoto: kuta za mita moja, milango miwili ili asibanwe mtu ndani, madirisha mapana ili uone kilichomo ukiwa umesimama mlangoni mwa darasa. Badilisha kitu kimoja tu. Paa la udongo la tembe ya kweli ni zito mno kuwekwa juu ya watoto wanaoparamia kuta, basi ezekeni nyasi nyepesi. Kila mwaka baada ya mvua kuta zitataka kukandikwa upya. Wengine wataiona hiyo kasoro. Mimi naona darasa jipya la awali likipata zamu yake ya kujenga. Udongo huohuo wa kichuguu, ukiwa na mawe ndani, unatengeneza viti vya kujifunzia: matuta ya nusu duara, kimo cha sentimita 30, kila mtoto sentimita 40 za kukalia. Darasa la watoto 60 linataka mita 24, zigawe kwenye matuta matatu. Mwalimu asimame upande wa mashariki, upepo utambebea sauti.

Usalama. Maumivu makubwa kwenye viwanja vya watoto hutokana na kuanguka kwenye ardhi ngumu, kwa hiyo swali la kwanza ni kimo na swali la pili ni kinachompokea. Kwa umri wa watoto wako, msiweke jukwaa wala gogo la kutembelea linalozidi mita 1.2. Popote mtoto anapoweza kuanguka kutoka juu ya mita moja, chini pawe na mchanga wa sentimita 30, na pembeni pawe wazi mita moja na nusu hadi mbili kila upande. Mchanga husukumwa, kwa hiyo pigeni mstari wa rangi kwenye nguzo kuonyesha usawa wake, na mtoto wa zamu aripoti mstari ukionekana. Nafasi kati ya ubao na ubao, au fito na fito, iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya 23. Katikati ya vipimo hivyo mwili unapita na kichwa kinanasa. Kamba za ushungi, lanyadi na tai zivuliwe kabla ya kupanda. Mti wa kukwea, fungieni kamba nyekundu, mguu usivuke hapo.

Kuna vifaa vya bure ambavyo mtapewa na mtatakiwa kuvikataa. Nguzo chakavu za umeme zimelowekwa dawa kali, ama kreosoti ama mchanganyiko wenye aseniki, hazifai kukaliwa na kushikwa na watoto kila siku. Matairi ya gari yanatumika tu yakiwa yametobolewa chini au yamejazwa udongo, maana tairi lenye maji ni kitalu cha mbu wa dengi, na yale yanayochomoza nyaya za chuma hayatumiki kabisa. Mimea nayo ipitiwe mmoja mmoja. Mnyaa ndio ua wa bei rahisi kote mkoani, lakini utomvu wake mweupe ukimwingia mtoto jichoni ni safari ya hospitali, na mtoto aliyechuma kijiti atakivunja tu. Mnyonyo, mbono kaburi na mnanaha vina sumu, ving'olewe hata kama vimekaa kivivu pembeni ya choo. Kwa ua, mwaka wa kwanza tumieni miiba iliyokatwa kama ya zizi, ndani yake mkipanda miche ya michongoma, na ndani zaidi mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa ambao watoto hawauvuki. Bila ua hakuna uwanja. Mbuzi watatu wanamaliza kazi ya mwaka kwa mchana mmoja.

Wazazi watakuuliza pia habari ya uchafu, na wana haki. Mwaka 2020 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya kutandika udongo wa msituni na majani kwenye nyua za vituo vya watoto wadogo. Baada ya siku 28 za kuchezea hapo, vijidudu rafiki kwenye ngozi za watoto viliongezeka aina, na dalili za kinga ya mwili zikawa nzuri zaidi. Ninaupenda utafiti huo, lakini udongo wa Ufini hauna funza wala safura, na wa kwetu unaweza kuwa navyo. Kwa hiyo vyoo viwe upande ambao maji hayateremki kuja uwanjani, mchanga ufunikwe jioni ili paka wasiugeuze choo, upigwe reki asubuhi jua liufikie, na vumbi la njia linyunyiziwe maji ya kunawia. Bwawa dogo la samaki, kama uliliona kwenye zile picha, liache. Maji yanayosimama zaidi ya wiki moja yanatoa mbu.

Kunawa ndiko kunakobeba yote haya. Wekeni vibuyu chirizi mlangoni mwa uwanja, vingi, vinavyojazwa kwa vile vidumu vya watoto, kwa kimo cha mtoto wa awali, na kila kimoja kichirizie kwenye shimo la mpapai. Watoto wanawe mikono na uso pia. Kongwa ni jina linalofahamika katika utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Utafiti uliofanyika vijijini kwenu na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kampeni ya kuosha nyuso pamoja na dawa ilipunguza trakoma kali kwa watoto. Uwanja wenye vumbi usio na mahali pa kunawa uso nisingeuruhusu hapo.

Mtoto mwenye kiti cha magurudumu au asiyeona vizuri asiachwe akiwa mtazamaji. Njia moja ya moramu iliyoshindiliwa, upana mita 1.5, izunguke kiwanja chote bila ngazi, na mwinuko wake usizidi sentimita moja kwa kila sentimita 12 za mbele. Mezani pa mchanga pabaki nafasi ya magoti, sentimita 70 hivi kutoka chini. Mchaichai na rihani kando ya njia vitamwambia asiyeona amefika wapi.

Sasa wale watakaosema mnacheza tu. Usibishane nao, waite waone somo. Nitakupa moja la kuanzia. Chimba mashimo kumi kwa mistari miwili kama ya bao, watoto wawili wawili, kila jozi na kokwa 20 za kunazi. Mwambie wa kwanza aweke mbili kila shimo, wa pili aondoe mashimo matatu, kisha waulize zimebaki ngapi. Mmoja atahesabu zote kuanzia moja, kokwa kwa kokwa. Mwingine ataona mashimo saba yenye mbili mbili na kusema 14 bila kugusa. Hapo unajua nani yuko wapi, jambo ambalo daftari lisingekuonyesha mpaka mwisho wa muhula. Kisha kila jozi iandike hesabu hiyo mchangani kwa kidole, halafu kwenye daftari. Kuhesabu na kuandika, viwili kati ya KKK, vimeshafanyika, na kusoma kunaanza pale jozi moja inaposoma mchanga wa wenzao.

Lingine ni la kijiti cha kivuli. Simika fito iliyonyooka ya mita moja, na kila Ijumaa mchana watoto waweke jiwe kwenye ncha ya kivuli kifupi kuliko vyote. Juni kivuli kitaelekea kusini. Kitapungua wiki kwa wiki, na mwanzoni mwa Oktoba, kati ya saa sita na robo na saa sita na nusu hivi, kitakaribia kutoweka kwa sababu jua litakuwa juu ya Kongwa kabisa. Baadaye kitaanza kuelekea kaskazini. Waulize jua limekwenda wapi, na uwaache wabishane kabla hujawaambia. Mzazi akishuhudia mwanawe wa darasa la pili akieleza hayo, swali lake litabadilika.

Msipeleke watoto 180 kwa pamoja wakati wa somo. Darasa moja kwa wakati, kwa ratiba iliyobandikwa ofisini, na mwanzo wa kila somo la nje uwe uleule: wakae kwenye matuta, wasikie kazi, ndipo watawanyike. Wiki za kwanza watakimbia ovyo. Vumilieni, mahali pakizoeleka kelele hushuka.

Kuhusu milioni sita, mimi ningezigawa hivi: nusu kwa gata na matangi, robo kwa ua na lango, na robo ya mwisho kwa mchanga, zana na mteremko. Ndiyo, mteremko ubaki, kwa kuwa mfadhili anastahili kuona alichoahidi. Ulazwe juu ya mgongo wa kilima, upande uliofunikwa na kichanja, ili chini yake pasiwe na kimo cha kuanguka na chuma kisichome. Muonyeshe mchoro na ile hesabu ya sekunde 40 kabla fedha haijatumika. Wafadhili wengi hununua bembea kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kitu kingine. Kuchimba, kukandika na kuezeka ni nguvu za wananchi. Miche ulizieni ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya mapema, na ipandwe mvua za Desemba zikishalowesha ardhi vizuri. Na kabla ya yote hayo kamati iteue kwa jina mtu wa kujaza vile vyungu 12 wakati wa likizo ya Septemba na siku za mwisho wa juma, mwenye posho hata ndogo, iandikwe kwenye muhtasari.

Greda limeshapangiwa tarehe, kwa hiyo usisubiri kikao cha kawaida. Muone mwenyekiti wa kamati wiki hii ukiwa na karatasi ya manila mkononi, mwombe asitishe oda, na zile fedha za greda ziwalipe vibarua wa kingamaji, waanze mara tu zile wiki mbili za kuangalia zikiisha, udongo ukiwa bado unachimbika.